Bati la Nyuma ya Banda

Jurga, umeuliza mara tatu
kwa nini bustani ya mama bado haijasafishwa,
na Rokas, mnunuzi, ameshakuja na futi kamba yake
akapima pa kumwaga zege.
Nakujibu basi, ila usimsomee mumeo kwa sauti.

Nilianza Jumamosi. Jalidi ya kwanza ya Oktoba,
nyasi zikivunjika chini ya buti.
Nikang'oa vigingi vya nyanya,
nikatupa makopo, na ule mpira wa maji uliooza,
hadi nikafika kwenye bati,
lile la paa la choo cha zamani,
ambalo hata wewe, kitindamimba, ulikatazwa kulikalia.
Nikaingiza koleo. Nikalinyanyua.

Walikuwa wamelala.
Mjusi asiye na miguu, rangi ya waya wa shaba,
amejipinda kama tarakimu aliyeiandika akakatizwa;
chini yake wa pili, wa tatu,
sijui mkia upi ni wa nani.
Pembeni, kwenye kigae kilichopasuka,
salamanda wawili wenye matumbo ya chungwa,
vidole vyembamba kama mizizi ya kitunguu.
Na chura mzee, ngozi ya ganda la kiazi,
akafumbua jicho moja, dhahabu iliyochafuka,
akanitazama vile karani wa benki amtazamavyo
mtu aliyeingia saa kumi na dakika mbili.
Akalifumba.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu amekaa miaka, jembe hakulishika,
lakini waulize konokono wa kabichi
kama alikuwa hana kazi.

Nyoka mwenyewe sikumwona.
Niliona kwenye lundo la mboji, likitoa mvuke,
maganda ya mayai yake, yamenyauka, yameshikana,
kama ngozi za vitunguu saumu jikoni baada ya karamu.
Kumi na saba. Niliyahesabu nimepiga magoti
huku nikijiambia ninatafuta tu koleo dogo.

Unakumbuka mama alivyomuua mmoja?
Hukumbuki, ulikuwa hujazaliwa.
Alimkata kwa jembe mlangoni pa bibi,
nyoka wa mashavu ya manjano, asiye na sumu,
ambaye bibi alimtilia maziwa kwenye kisahani
na kumwita mtu wa nyumbani.
Bibi hakusema naye wiki nzima.
Alimpikia, alimwekea sahani,
akala akitazama dirisha.

Mama alicheka imani hiyo hadi uzeeni.
Maziwa ni ya watoto, alisema, nyoka hata hanywi.
Lakini kila vuli, mgongo ukimuuma,
alikusanya majani ya mtofaa, akachanganya na samadi,
akayarundika upande unaopata jua.
Nikamuuliza mara moja: mama, nawe umeanza kuamini?
Akapangusa mikono kwenye aproni.
Si imani, akasema. Ni deni.

Nikalishusha bati polepole,
kama unavyofunga mlango
wa chumba cha mtoto aliyesumbua kulala.
Kisha nikampigia Rokas
nikamwambia karatasi za urithi zimekwama ofisini,
labda hadi Aprili.
Hazijakwama, Jurga. Ziko kwenye droo,
chini ya vitambaa vyake vya meza.

Najua fedha unazihitaji. Nami nazihitaji.
Najua pia chura hasaini mkataba,
na Aprili itafika, na zege ni zege.
Sijapata jibu la hilo.

Redio inasema usiku huu nyuzi nne chini ya sifuri.
Nimetoka na tochi, nimeongeza majani,
nimeweka tofali mbili juu ya bati, upepo usije ukalibeba.
Viatu vyangu viko mlangoni, vimejaa matope.
Nimevitazama, nikadhani ni vya mama.